Dalip Singh Saund: Kutoka Shamba la Kukodi Hadi Bunge la Marekani

Kwa karibu miaka 30 Dalip Singh Saund aliishi Marekani bila haki ya kupiga kura na bila haki ya kumiliki hata eka moja ya ardhi aliyoilima. Alipata uraia Desemba 1949. Novemba 1956, wapiga kura wa jimbo la wakulima kusini mwa California walimchagua awawakilishe Washington. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye asili ya Asia kuwa mjumbe kamili mwenye kura katika Bunge la Marekani, na Kalasinga wa kwanza kuingia humo.

Mara nyingi maisha yake husimuliwa kama ushahidi wa ukarimu wa Marekani kwa wageni. Mimi siyasomi hivyo. Ukifuatilia miaka ile hatua kwa hatua, unakuta sheria zilizomfungia mlango mmoja baada ya mwingine, na watu wachache wasio na kura waliozisukuma sheria hizo robo karne nzima hadi zikalegea. Ukarimu ulikuwepo, lakini ulikuwa wa majirani wa mji mdogo, na ulikuja baada ya wao kumwona kazini miaka mingi.

Punjab, 1899–1920

Alizaliwa Septemba 20, 1899, katika kijiji cha Chhajjalwadi, wilaya ya Amritsar, Punjab, wakati India ikiwa chini ya Waingereza. Wazazi wake hawakujua kusoma wala kuandika, lakini baba yake alikuwa mkandarasi aliyefanikiwa, na familia ilikuwa na uwezo wa kumpeleka mtoto shule ya bweni, kisha chuoni Jammu. Mwaka 1919 alihitimu shahada ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Punjab.

Punjab ya wakati ule ilikuwa ikimwaga vijana wake duniani. Ardhi ilikuwa imegawanyika vipande vidogo, kodi za serikali zilikuwa nzito, na jeshi la Uingereza lilikuwa limewazoesha vijana kwenda mbali. Wengi waliojenga reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 walitoka huko, na mafundi seremala, wahunzi na askari wa Kikalasinga waliobaki Afrika Mashariki ni ndugu wa hao waliopanda meli kuelekea upande wa pili wa dunia, Vancouver na San Francisco. Waliofika pwani ya Pasifiki walifanya kazi katika viwanda vya mbao na kwenye reli. Septemba 1907, huko Bellingham, jimbo la Washington, genge la wafanyakazi weupe liliwavamia Wapunjabi katika makazi yao na kuwafukuza mjini. Baadhi yao walihamia kusini, kwenye mashamba ya California.

Saund hakuondoka kwa shida ya chakula. Mwaka aliohitimu ndio mwaka ambao askari wa Jenerali Dyer waliufyatulia risasi umati uliokusanyika Jallianwala Bagh, mjini Amritsar, katika wilaya yake mwenyewe. Alikuwa amevutiwa na Gandhi, na wakati huohuo amesoma hotuba za Abraham Lincoln na Woodrow Wilson na kuziamini. Nyumbani aliaga akisema anakwenda miaka michache tu kujifunza namna ya kuhifadhi matunda viwandani, arudi aanzishe kiwanda cha kusindika maembe. Sheria ya uhamiaji ya 1917 ilikuwa imewafungia mlango karibu watu wote wa Asia, ila wanafunzi waliachiwa upenyo. Akapita hapo. Mwaka 1920 alishuka Ellis Island, bandari ya New York, akapanda treni kuelekea California.

Shahada mbili na hukumu moja, 1920–1925

Makalasinga wa California walikuwa wachache, lakini walikuwa wamejipanga. Mwaka 1912 walifungua gurudwara, yaani nyumba yao ya ibada, mjini Stockton, na jumuiya ya gurudwara hiyo ikawa inagharimia nyumba karibu na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako wanafunzi kutoka India waliishi bila kulipa kodi. Wakulima waliokuwa wakichuma kwa mikono, wengi wao hawakuingia darasani, ndio waliolipia paa la wasomi. Saund aliishi humo. Likizo alikwenda kufanya kazi katika viwanda vya kusindika matunda. Aliacha masomo ya kilimo akarudia hisabati, akapata shahada ya uzamili mwaka 1922 na ya udaktari mwaka 1924. Chuoni aliongoza chama cha wanafunzi wa Kihindi na kuhutubia popote alipokaribishwa kuhusu uhuru wa India.

Akiwa katikati ya masomo, Februari 19, 1923, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu iliyotawala maisha yake kwa miaka 23. Sheria ya 1790 ilikuwa imetoa haki ya kuomba uraia kwa "watu weupe walio huru" peke yao, na mwaka 1870 wakaongezwa watu wa asili ya Afrika. Bhagat Singh Thind, Kalasinga aliyekuwa amevaa sare ya jeshi la Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alidai kwamba wataalamu wa mataifa waliwahesabu watu wa kaskazini mwa India kuwa ukoo mmoja na Wazungu. Jaji George Sutherland, akiandika kwa niaba ya mahakama nzima, alisema weupe unaotajwa na sheria ni ule unaoeleweka na mtu wa kawaida mtaani. Kwa maana hiyo Mhindi hakuwa mweupe, na hakustahili uraia. Thind akapoteza, na serikali ikaanza kuwanyang'anya uraia Wahindi wengine waliokuwa wamekwisha kuupata.

Hukumu hiyo ilifika hadi shambani. California ilikuwa na sheria ya ardhi ya 1913, iliyokazwa mwaka 1920, inayomkataza mgeni asiyestahili uraia kununua au kukodi ardhi ya kilimo. Sheria hiyo ilitungwa kwa kuwalenga Wajapani. Baada ya Thind, Wahindi nao wakanasa humo. Msomaji wa Kenya atakumbuka kwamba miezi michache baadaye, Julai 1923, serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa Devonshire, ambao ulisisitiza kwamba nyanda za juu za Kenya zibaki mikononi mwa Wazungu na Wahindi wasiziguse. Mpunjabi wa mwaka ule, awe Nairobi au Sacramento, alikuta shamba limefungwa kwa rangi ya ngozi yake.

Daktari wa hisabati asiye raia, mwenye jina la Kihindi, hakuwa na chuo cha kumwajiri. Kiangazi cha 1925 Saund alikwenda kusini, kwenye joto la Bonde la Imperial.

Bonde la Imperial, 1925–1942

Bonde hilo liko mpakani mwa Mexico, sehemu kubwa yake ikiwa chini ya usawa wa bahari. Bila maji ya mto Colorado yanayoletwa kwa mifereji, ni jangwa tupu. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 kwa wiki nyingi mfululizo. Palimwa pamba, saladi, tikiti na majani ya mifugo, na Wapunjabi mia kadhaa walikuwa wamekwisha kupata sifa ya kuyaweza maji na udongo wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walishika jembe siku ya kwanza.

Kwa sababu wake zao walibaki India na sheria ya uhamiaji haikuwaruhusu kuwafuata, na kwa sababu California ilikataza ndoa kati ya mzungu na mtu wa rangi nyingine, wengi walioa wanawake wa Kimexico. Karani wa ndoa aliwatazama wote wawili, akaona rangi inakaribiana, akaandika. Nyumba za bonde zikawa na watoto wenye majina kama José Singh, wanaokula mkate wa chapati na wa tortilla meza moja. Mashamba waliyakodi kwa makubaliano ya mdomo, au kwa jina la Mmarekani waliyemwamini. Asiye mwaminifu aliweza kuchukua mavuno yote, na mkulima hakuwa na mahakama ya kumlilia.

Saund alianza kama msimamizi wa wachuma pamba. Baadaye akakodi ardhi na kulima saladi. Mwaka 1928 alimwoa Marian Kosa, binti wa mchoraji kutoka nchi ya Wacheki. Sheria ya wakati huo ilimvua uraia mwanamke wa Marekani akiolewa na mgeni asiyestahili kuupata, kwa hiyo ndoa kama hiyo ilikuwa na gharama ambayo leo ni vigumu kuifikiria. Walipata watoto watatu. Familia ilikaa Westmorland, mji mdogo ambao watu wake walimwita Dokta.

Mdororo Mkuu wa uchumi ulipoingia, bei za mazao ziliporomoka. Saund alipoteza mavuno na kubaki na deni kubwa. Wenzake wengi walitangaza kufilisika, njia ambayo sheria iliiruhusu, nao wakaanza upya. Yeye alikataa. Alilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi hadi akamaliza. Ninaikaza habari hii kwa sababu ndiyo iliyokuja kumchagua. Waliomdai ndio wauza mbegu, wenye maduka na mabenki wa mji uleule ambako miaka 20 baadaye alisimama kuomba kura, na hakuna kijikaratasi cha kampeni kinachoweza kumfundisha mwenye duka jambo asilolijua kuhusu mdeni wake.

Wakati huohuo alikuwa akijifunza kusema mbele za watu. Jumuiya ya gurudwara ya Stockton ilimwomba aandike kitabu cha kumjibu Katherine Mayo, mwandishi Mmarekani ambaye mwaka 1927 alichapisha kitabu cha kuidhalilisha India. Jibu la Saund, *My Mother India*, lilitoka mwaka 1930. Alikaribishwa makanisani, kwenye vilabu vya wakulima na vya wafanyabiashara, na alijiunga na chama cha kujifunza kuhutubia. Alipoona serikali ya Franklin Roosevelt ikijaribu kuwainua wakulima waliofilisika, akawa mfuasi wa chama cha Democratic. Alihudhuria mikutano ya chama ambacho hakuruhusiwa kukipigia kura.

Watu wachache wabadili sheria, 1942–1946

Sensa ya 1940 ilihesabu Wahindi wapatao 2,400 katika Marekani yote. Hakuna mwanasiasa anayeogopa kundi la ukubwa huo, tena lisilopiga kura. Hivyo iliwabidi watafute nguvu mahali pengine.

Vita vya Pili vya Dunia viliwapa hoja. Marekani ilikuwa ikipigana ikisema inatetea uhuru, na Wajapani walikuwa wakitangaza redioni kote Asia kwamba sheria za Marekani zinawadharau watu wa Asia. Mwaka 1943 Bunge liliwaondolea Wachina marufuku yao. Wahindi wakauliza, na sisi je? New York, kazi hiyo iliongozwa na J. J. Singh, Kalasinga mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa mkuu wa India League of America, mtu aliyejua mlango wa kila mbunge na kila mhariri. California, Saund na wenzake waliunda India Association of America mwaka 1942, naye akawa rais wake wa kwanza. Alizunguka kwa wakulima wa Kipunjabi akikusanya michango na kuwaeleza kwa nini jambo la Washington linahusu mfereji wa shamba lao. Wengine walikuwa wamekata tamaa tangu 1923 na waliona fedha hizo zinatupwa.

Muswada ulibebwa na wabunge wawili wa vyama tofauti: Clare Boothe Luce wa Republican na Emanuel Celler wa Democratic. Rais Truman aliutia saini Julai 2, 1946. Uliwaruhusu Wahindi na Wafilipino kuomba uraia, na ukatoa nafasi za wahamiaji wapya 100 kwa mwaka kwa kila nchi. Mia moja! Kwa nchi kubwa kama India, hiyo ilikuwa idadi ya aibu. Lakini kwa waliokuwa ndani tayari, sheria ilibadilisha kila kitu: mgeni anayestahili uraia hakukamatwa tena na sheria ya ardhi. Watu waliolima kwa majina ya wengine kwa miaka 30 wakaandikisha mashamba kwa majina yao.

Saund aliomba uraia. Aliapishwa Desemba 16, 1949.

Hakimu na muuza mbolea, 1950–1955

Hakungoja. Mwaka 1950 aligombea uhakimu wa mahakama ndogo ya Westmorland, akashinda. Kisha mwenye kuhesabu akagundua kwamba siku ya uchaguzi zilikuwa zimebaki wiki chache atimize mwaka mmoja wa uraia uliotakiwa, na ushindi ukafutwa. Mwaka 1952 aligombea tena kiti hichohicho, akashinda tena.

Siku za kampeni hiyo, mkazi mmoja alimuuliza mbele za watu mgahawani kama akichaguliwa atagawa vilemba mahakamani au kila mtu ajinunulie chake. Saund, ambaye wakati huo hakuvaa kilemba na alinyoa ndevu, alimjibu kwa utulivu kwamba yeye hajali mtu amevaa nini kichwani, anajali kilichomo ndani ya kichwa. Mgahawa ulicheka, na habari ikasambaa bondeni kote. Alipoketi kwenye kiti cha hakimu alikuwa mkali kwa wenye madanguro na wauza dawa za kulevya, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakilipa faini ndogo na kurudi kazini jioni ileile.

Mwaka 1953 alifungua biashara ya mbolea mjini Westmorland. Kiuchumi lilikuwa jambo la busara, maana kilimo cha kukodi kilikwisha kumchosha, na bonde lenye mavuno kadhaa kwa mwaka halina siku lisipohitaji mbolea. Kisiasa, sidhani kama kuna kazi ambayo ingemfaa zaidi. Muuza mbolea huingia shamba la kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Hujua nani kapata na nani kakosa, nani anadaiwa na benki, maji ya nani yamechelewa. Hukopesha mwanzo wa msimu na kulipwa wakati wa mavuno, kwa hiyo husikiliza bei za soko kwa sikio la mkulima. Mwaka 1954 alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya chama cha Democratic katika kaunti ya Imperial. Mbunge wa Republican John Phillips alikuwa akijiandaa kustaafu, na kiti kilikuwa kinaachwa wazi.

Uchaguzi wa 1956

Jimbo la 29 la California lilikuwa na kaunti mbili, Riverside na Imperial, na lilizoea kuchagua Republican. Imperial walimjua Dokta. Riverside, yenye wapiga kura wengi zaidi, haikumjua.

Kikwazo cha kwanza kilitoka ndani ya chama chake. Mshindani wake wa mchujo, Carl Kegley, wakili wa Riverside, alikwenda mahakamani akidai Saund hastahili kugombea, kwani Katiba inamtaka mjumbe wa Baraza la Wawakilishi awe raia kwa miaka saba, na Saund hakuwa ametimiza. Saund alishika kalenda. Miaka saba ingetimia Desemba 16, 1956, na Bunge jipya lingeanza Januari 3, 1957. Katiba hutazama siku ya kuapishwa, na hapo angekuwa amevuka kwa siku 18. Mahakama ilikubaliana naye, na akashinda mchujo. Mtu aliyenyimwa kiti mwaka 1950 kwa hesabu ya wiki, safari hii alikuwa amezihesabu mwenyewe mapema.

Mshindani wa pili alijulikana dunia nzima. Jacqueline Cochran alikuwa rubani ambaye mwaka 1953 alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka kwa kasi inayopita ya sauti. Katika vita aliongoza kikosi cha marubani wanawake. Mumewe, Floyd Odlum, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani, na walikuwa na shamba la kifahari karibu na Indio, ndani ya jimbo. Alikuwa rafiki wa Rais Eisenhower, aliyekuwa akigombea tena mwaka huohuo. Alizunguka jimbo akirusha ndege yake mwenyewe, akitua mji huu asubuhi na ule mchana. Magazeti ya nchi nzima yakatuma waandishi jangwani: rubani tajiri dhidi ya hakimu mzaliwa wa India.

Saund hakuwa na ndege wala fedha za kushindana naye. Alikuwa na familia. Marian, watoto wao na marafiki waligawana mitaa ya Riverside na kwenda mlango kwa mlango, na kabla ya kuomba kura waliandikisha wapiga kura. Kazi hiyo haina picha ya gazeti. Mtu anabisha, anaeleza, anajaza fomu, anahamia nyumba ya pili, na kesho anarudi mtaa uleule kwa waliokuwa kazini. Kijana wao alikuwa amepigana Korea, na hilo lilifunga midomo ya wengi waliotaka kuuliza kuhusu uaminifu wa familia hiyo kwa Marekani. Jioni Saund alikula na wakulima kwenye hafla za nyama choma, akazungumza juu ya bei ya pamba, maji ya Colorado na mkulima mdogo anayemezwa na kampuni kubwa. Wapinzani waliurudiarudia ugeni wake. Yeye mwenyewe hakuuficha. Aliwaambia watu kwamba akichaguliwa atakwenda Asia asimame mbele ya wale wanaosikia propaganda za Wakomunisti, awaonyeshe alichofanyiwa na demokrasia.

Novemba 6, 1956, Eisenhower alishinda nchi nzima kwa kishindo, California ikiwemo. Katika jimbo la 29, maelfu walimpigia Eisenhower juu ya karatasi na Saund chini yake. Alimshinda Cochran kwa karibu kura 3,300.

Washington, 1957–1962

Spika Sam Rayburn alimpa mjumbe mpya nafasi katika Kamati ya Mambo ya Nje, jambo adimu kwa mtu wa muhula wa kwanza. Sababu haikuwa siri: vita baridi vilikuwa vikigombaniwa Asia na Afrika, nchi mpya zilikuwa zikizaliwa (Ghana mwaka uleule wa 1957), na Marekani ilimhitaji mtu wa sura ile mbele ya kamera. Saund alijua anatumiwa. Naye akautumia mwaliko.

Mwaka huo Bunge lilijadili sheria ya haki za kiraia, ya kwanza tangu enzi za baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alisimama kuitetea, akatoa maisha yake kama hoja: alijua ni nini kuishi katika nchi inayokukataza kupiga kura, na alijua pia sheria moja inavyoweza kuibadili hali hiyo. Sheria ilitiwa saini Septemba 1957, ikiwa imepunguzwa makali na wabunge wa kusini. Mwezi huohuo askari walipelekwa Little Rock, Arkansas, kuwalinda wanafunzi weusi tisa waliokuwa wakizomewa na umati kwenye lango la shule.

Ni baada tu ya picha hizo kuzunguka dunia ndipo Saund alipotimiza ahadi yake ya kampeni na kuondoka na mkewe na binti yao kuzuru nchi za Asia. Kila alipokwenda alikuta Little Rock imemtangulia. India ilimpokea kama mwanawe. Alihutubia wabunge mjini New Delhi, kisha akaingia Chhajjalwadi, kijiji alichokuwa amekiaga miaka 37 kabla, akisema anakwenda kujifunza kusindika maembe.

Safari hiyo ilimpa msimamo alioushikilia hadi mwisho. Aliona fedha za Marekani zikiishia kwenye silaha na mikononi mwa watawala, huku vijiji vikibaki bila visima wala shule. Alirudi akidai misaada iwafikie wananchi na isimamiwe na Bunge. Mwaka 1961, Rais Kennedy, wa chama chake mwenyewe, alipoomba mamlaka ya kukopa Hazina kwa miaka mitano kugharimia misaada bila kurudi Bungeni kila mwaka, Saund ndiye aliyewasilisha pendekezo la kuyafuta, na Baraza likampa ushindi. Kwa mbunge aliyeitwa mapambo ya vita baridi, hilo lilikuwa jibu tosha.

Nyumbani alikuwa mbunge wa maji na udongo. Alifuatilia mifereji, bei za mazao na fedha za serikali kwa kaunti zake mbili. Alisukuma sheria zilizowasaidia Waagua Caliente, wenyeji wa asili wa Palm Springs, kugawana ardhi yao kwa usawa na kuikodisha kwa muda mrefu, ili thamani ya mji wa matajiri uliojengwa juu ya ardhi yao iwafikie wao pia. Upo upande mwingine ambao haufai kufichwa. Aliunga mkono mpango wa kuleta vibarua wa muda kutoka Mexico, ambao wenye mashamba wa Imperial waliutegemea, ilhali vibarua wenyewe walilipwa vibaya na kuishi vibaya. Mtu aliyewahi kusimamia wachuma pamba juani alijua maisha yao. Alichagua wapiga kura wake, na vibarua hawakuwa wapiga kura. Katika yote aliyoyafanya Bungeni, hili ndilo linalonisikitisha.

Jimbo lilimrudisha mwaka 1958 kwa karibu asilimia 62 ya kura, na mwaka 1960 kwa takriban 57. Kitabu chake cha maisha, *Congressman from India*, kilitoka mwaka huo.

Muhula usiotimia, 1962–1973

Mei 1962 alipatwa na kiharusi akiwa ndani ya ndege. Alipona maisha, lakini sauti na miguu havikurudi kama zamani. Mtu aliyepanda kwa hotuba na kwa kubisha milango hakuweza tena kuzungumza vizuri wala kutembea bila msaada. Jina lake lilibaki kwenye karatasi ya kura, Marian na wafuasi wakafanya kampeni kwa niaba yake, na Novemba alishindwa na Patrick Martin wa Republican. Hata hivyo zaidi ya watu wanne katika kila kumi waliopiga kura waliweka alama kwenye jina la mgombea waliyemjua kuwa mgonjwa asiyeweza kusimama jukwaani.

Aliishi miaka 11 zaidi, akifariki Aprili 22, 1973. Alikuwa amekwisha kuona sheria ya uhamiaji ya 1965, ambayo Emanuel Celler, yuleyule wa 1946, alikuwa mmoja wa walioibeba. Sheria hiyo ilifuta zile nafasi 100 kwa mwaka na kufungulia mlango madaktari, wahandisi na wafanyabiashara wa Kihindi, baadhi yao baadaye wakitokea Uganda, Kenya na Tanzania.

Jengo la posta la Temecula, California, lilipewa jina lake mwaka 2005, na mwaka 2007 picha yake ilitundikwa katika jengo la Bunge mjini Washington. Kati ya siku aliyotoka Bungeni, Januari 1963, na siku alipoapishwa Mmarekani wa pili mwenye asili ya India, Bobby Jindal wa Louisiana, Januari 2005, ilipita miaka 42. Kalasinga wa pili bado hajaingia.